Fomu ya Arubaini na Moja

Chumba nilichopewa kiko nyuma ya chekechea, Langoni.
Ukutani nimetundika magodoro matatu ya sufi
na leso nilizoazima kwa mwalimu Barke;
upenyo wa mlango nimeuziba kwa kanzu kuukuu.
Bado mita inasoma desibeli arubaini na nane.
Nyumba ya pili fundi anachonga mlango.
Punda wanapita na mizigo ya mawe,
na punda akiamua kusema
utafiti wote husimama kumpisha.

Nasubiri. Kazi yangu, kwa kweli, ni kusubiri:
sekunde ishirini za kimya hapa, kumi pale,
nazidonoa kama mchele uliomwagika.

Swali la kwanza la fomu nililitunga mwenyewe,
Nairobi, mezani, nikiwa na uhakika:
Je, mtoto anasikia?
Mama baada ya mama akacheka.
"Huyu? Hasikii hata kidogo.
Juzi nimemkataza dari, akapanda."
"Wangu asikia njaa tu."
Lugha yangu mwenyewe imenitega
ndani ya kisanduku kimoja cha vema:
kusikia sauti, kusikia baridi,
kusikia harufu ya mkate wa mofa,
kusikia la mkuu.
Nilifuta, nikaandika upya. Nikafuta tena.

Shee, miaka minne na miezi miwili,
aliingia akivutwa mkono.
"Mkaidi," alisema Mwanaate, mamake, "kama babake."
Nilimvisha vipokea sauti vilivyomzidi kichwa.
Ukisikia ndege, nikamwambia, kwa mdomo na kwa vidole,
tia kokwa ya ukwaju kikombeni.
Ndege wa hezi elfu mbili: kokwa.
Elfu nne, kwa sauti ya chini kabisa: kokwa.
Hakukosa hata mara moja,
kalamu yangu ikawa inaanza neno "kawaida".

Kisha nikabonyeza bure, bila ndege yeyote,
kuhakikisha tu.
Kokwa.

Hakuwa akisikiliza. Alikuwa akinisoma:
kila nilipobonyeza, bangili zangu
zilipanda kidogo mkononi.

Nilimgeuza kiti, akatazama godoro.
Nikapandisha: hamsini. Sitini. Godoro.
Sabini, kokwa ikaning'inia kati ya vidole,
ikaanguka kikombeni kama mtu anayeomba radhi.

"Lakini punda amsikia," Mwanaate akasema.
"Punda akilia, huyu hukimbia dirishani.
Vipi amsikie punda, mimi mamake asinisikie?"

Nilimweleza kwamba sauti nzito humfikia.
Nyembamba ndizo zinazopotelea njiani: s, f, sh, t.
Hata jina lake humjia limeliwa kichwa,
si Shee, ni ee,
na ee mtaani huitwa kila mtu.
Nilisema vifaa vipo. Nilitaja hospitali, tarehe,
nilichora sikio, nikachora na konokono wake.
Nilisema mengi. Yeye alikuwa akiutazama
mkono wake wa kulia.

"Basi zile fimbo," akasema,
na hakumaliza.
Nje fundi aliweka nyundo chini.
Mita yangu ikashuka hadi thelathini na moja,
kimya bora kuliko vyote nilivyowahi kupata Lamu,
nami sikuwa na ndege wa kukirushia.

Walipoondoka hakumwita kutoka mlangoni.
Alirudi, akazunguka kiti, akachutama mbele yake.
"Ndoo," alisema, polepole mno,
kama mtu anayejaribu neno la kigeni.
Shee alimtazama mdomo, kisha mkono,
kisha mdomo tena. Akaja.

Usiku huu nimezitandaza fomu kitandani.
Arubaini za kabla yake. Kawaida, kawaida, kawaida,
mwandiko wangu mzuri, wino haujapauka.
Feni inazunguka. Chini barazani mtu anakohoa.
Nimevua bangili, nimeziweka juu ya fomu ya kwanza,
na najaribu kukumbuka
siku gani kati ya zile
sikuzivaa.